Tusiuite Muujiza Wajibu Wetu



Wapendwa waamini na wasomaji wetu wote, katika tafakari ya juma hili tunakusudia kusema juu ya binti mmoja wa nchi jirani ya Kenya, mcheza tenisi, aitwaye Angella Okutoyi. Huenda wapo watakaouliza: tenisi inatuhusu nini sisi watu wa Kilwa na mwambao wa Lindi, ambao wengi wetu hatujapata kushika raketi hata siku moja? Swali hilo ni la haki. Hatuandiki juu ya tenisi kwa ajili ya tenisi. Tunaandika kwa sababu habari za binti huyu zimekuwa zikisimuliwa kwa namna isiyo sahihi, na usimulizi huo, ingawa unasikika kuwa wa kichaji, unawadhuru binti zetu tunaoishi nao hapa hapa pwani.

Kwanza tuzitazame habari zenyewe. Angella alizaliwa Nairobi mwezi Januari 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki dunia saa chache baada ya kuwazaa. Watoto wale wawili walilelewa na bibi yao, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika shule ya wasichana ya Loreto Convent Valley Road, shule iliyo katika mapokeo ya Masista wa Loreto, ambao walifika Kenya mwaka 1921. Bibi na wajukuu waliishi humo humo shuleni, na humo shuleni mlikuwa na kiwanja cha tenisi. Watoto wakaanza kupiga mpira wangali wadogo sana, kabla hata ya kujua kusoma.

Akiwa na umri wa takriban miaka kumi, Angella alipata nafasi katika kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi mjini Bujumbura, Burundi. Mwaka 2021 akawa bingwa wa Afrika kwa vijana, huko Tunisia. Januari 2022 akaenda Melbourne katika mashindano ya vijana ya Australia, akamshinda Federica Urgesi wa Italia, naye akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo wa vijana katika mojawapo ya mashindano makuu manne ya tenisi duniani. Mwezi Julai mwaka huo huo, huko Wimbledon, Uingereza, alicheza fainali ya wasichana ya wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza kwa 3-6, wakashinda ya pili kwa 6-4, na katika pointi za kuamua wakashinda kwa 11-9. Hapakuwa na Mkenya yeyote aliyepata kutwaa taji katika mashindano yale makuu kabla ya siku hiyo. Mwaka 2023 akajiunga na Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, na Machi 2024, katika Michezo ya Afrika mjini Accra, akatwaa medali ya dhahabu ya wanawake ya mchezaji mmoja mmoja.

Hizo ndizo habari. Sasa tusikilize jinsi zinavyosimuliwa. Husemwa: tazameni yatima huyu, maskini huyu, mjukuu wa mfagizi, Mungu amemwinua kutoka mavumbini, hakika ni muujiza! Na msimuliaji humalizia kwa methali tunayoipenda sote, kwamba Mungu hamtupi mja wake. Wasikilizaji huitikia Amina, huinuka, hukung'uta nguo zao, hurudi nyumbani. Hakuna aliyeulizwa kitu. Hakuna aliyetakiwa kufanya jambo lolote.

Hapo ndipo penye ugomvi wetu. Hatukani hata kidogo kwamba neema ya Mungu imetenda kazi katika maisha ya binti huyu. Tunachokikataa ni desturi ya kuliita muujiza lile ambalo ni kazi ya mikono ya watu, ili sisi wenyewe tusitakiwe kuinyoosha mikono yetu. Muujiza, tukishautaja, unatuondolea deni. Kama ni Mungu peke yake aliyemwinua Angella, basi na huyu msichana wa Kivinje Mungu atamwinua akipenda. Na asipoinuka, basi haikuwa mapenzi yake Mungu. Ndugu zangu, huko ni kumsingizia Mungu uvivu wetu.

Hebu tuihesabu mikono iliyokuwapo. Ulikuwapo mkono wa bibi, aliyebeba ulezi wa vichanga wawili kwa mshahara wa mfagizi. Ulikuwapo mkono wa shule. Kiwanja kile hakikujengwa kwa ajili ya wajukuu wa mfanyakazi wa usafi; kilijengwa kwa ajili ya wanafunzi. Ingekuwa rahisi sana kwa mlinzi, au kwa mwalimu, au kwa yeyote mwenye ufunguo, kuwaambia watoto wale: ondokeni, hapa si penu. Kumfukuza mtoto wa mfanyakazi hakuna gharama, wala hakuna atakayeandika habari zake gazetini. Lakini watoto wale walicheza. Kisha ulikuwapo mkono wa makocha, wa kituo cha Bujumbura kilichompokea mtoto akiwa mbali na bibi yake, wa waliolipa nauli za Tunisia na Australia, wa chuo kilichompa mahali pa kusoma na kucheza kwa pamoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Je, kidole kimoja kingeweza kulibeba taji la Wimbledon?

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Tumtazame Elina Svitolina wa Ukraine, aliyezaliwa mwaka 1994 huko Odesa, mji wa bandari kando ya Bahari Nyeusi. Alipokuwa msichana mdogo alihamia mji wa Kharkiv, kwa sababu huko alipatikana mfadhili aliyekuwa tayari kugharimia mafunzo yake. Mwaka 2010 akawa bingwa wa vijana wa Ufaransa. Mwaka 2017 akafikia nafasi ya tatu duniani. Mwaka 2021 akaipatia nchi yake medali ya shaba katika Olimpiki ya Tokyo. Oktoba 2022 alijifungua mtoto wa kike, na nchi yake ikiwa vitani. Mwezi Aprili 2023 alirudi uwanjani, na Julai ya mwaka huo akafika nusu fainali ya Wimbledon baada ya kumtoa Iga Świątek, aliyekuwa wa kwanza kwa ubora duniani. Wengine waliita muujiza. Lakini mama aliyejifungua miezi tisa iliyopita hafiki nusu fainali pasipo watu wa kumshikia mtoto, wa kumfundisha na wa kumgharimia. Svitolina ana kipaji kikubwa na ujasiri mkubwa zaidi. Hata hivyo hakuwa peke yake, wala hajapata kuwa peke yake.

Tukitaka mfano wa karibu zaidi, twende Ruangwa, humu humu mkoani Lindi. Timu ya Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, hakuna aliyesema kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Kila mtu alijua kwamba walitafutwa wachezaji, wakalipwa, wakapewa kocha, na ukajengwa Uwanja wa Majaliwa. Kumbe tunafahamu vizuri kabisa kwamba mchezo huzaliwa kwa fedha, kwa muda na kwa uwanja! Tunalifahamu pale wachezaji wanapokuwa wanaume. Wakiwa wasichana tu, ndipo ghafla tunapogeuka kuwa watu wa kungoja miujiza.

Tuje sasa kwetu. Msichana wa pwani yetu, angali darasa la nne au la tano, hukimbia na wenzake, huruka kamba, hucheza rede mpaka giza liingie. Anapofika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, mambo hubadilika. Wengine hutoka unyagoni wakiwa wamefundishwa kwamba sasa ni wakubwa. Wengine hutumwa majini kusaidia kazi ya mwani, au sokoni, au kwa ndugu mjini kulea watoto wa watu. Uwanjani hubaki wavulana. Hakuna tangazo lililotolewa, hakuna sheria iliyopitishwa. Wasichana wametoweka tu, na hakuna anayeuliza wameenda wapi. Umri huo huo ndio ambao Angella alikuwa akipanda ndege kwenda kushindana.

Tukumbuke pia sheria yetu wenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka miaka 15 kuwa umri ambao msichana aweza kuozwa kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akisubiri hadi 18. Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Angella aliposhika taji la Wimbledon alikuwa na miaka 18. Wangapi miongoni mwa binti waliobatizwa mwaka aliozaliwa yeye walikuwa, kwa umri huo, tayari na mtoto wa pili mgongoni? Tunaliuliza swali hili bila kumdharau mama yeyote kijana. Aibu haiwahusu wao.

Tunajua majibu tutakayopewa, kwa kuwa tumekwisha kuyasikia kutoka kwa watu wazima wenye heshima zao. Tuyajibu moja moja.

Jibu la kwanza ni la heshima. Husemwa kwamba msichana aliyekwisha kuwa mwali hastahili kurukaruka hadharani. Sisi hatuipigi vita mila inayomfundisha binti adabu, usafi na kuheshimu wakubwa. Mafundisho hayo ni hazina. Lakini tuambiwe: ni heshima gani inayovunjwa na mpira wa pete unaochezwa mchana kweupe, mbele ya wazazi? Na je, mbona binti yule yule akibeba ndoo tatu za maji akiwa peke yake alfajiri, akapita vichakani, hakuna anayesema kwamba heshima yake imo hatarini? Majirani zetu Waislamu wanayo pia ya kuhesabu katika jambo hili. Katika Wimbledon ile ile ya mwaka 2022, siku za taji la Angella, Ons Jabeur wa Tunisia, binti wa Kiislamu, aliyeonjeshwa tenisi na mama yake mzazi, alifika fainali ya wanawake. Hatujasikia kwamba nyumba yao iliporomoka kwa aibu.

Jibu la pili ni la masomo: kwamba mchezo utamharibia msichana shule. Jibu hili lingetugusa zaidi kama wanaolitoa wangelitoa pia kwa wavulana. Tena ukweli wenyewe unalipinga. Angella aliingia chuo kikuu kwa njia ya raketi. Mchezo haukumfungia mlango wa darasa, ulimfungulia.

Jibu la tatu ni la umaskini. Husemwa: wenzetu wana fedha, sisi tuna nini? Ni kweli kwamba fedha zina nguvu. Upande wa pili wa wavu, katika fainali ile ya 11-9, alikuwapo Victoria Mboko wa Kanada, binti wa wazazi waliotoka Kongo. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, Mboko alitwaa ubingwa wa wazi wa Kanada kwa wanawake, mjini Montreal, kwa kumshinda Naomi Osaka. Pointi mbili tu zilimtenganisha na mjukuu wa mfagizi wa Nairobi mwaka 2022, na zilikuwa kwa faida ya mjukuu wa mfagizi! Vipaji vyao vilikaribiana hivyo. Lakini mmoja amekulia katika nchi yenye viwanja na walimu wa kutosha, na mwingine ametoka katika nchi isiyokuwa na bahati hiyo. Basi fedha ni kitu. Hata hivyo, hatua ya kwanza kabisa katika safari ya Angella haikudai fedha. Ilidai mlango usiofungwa. Na kuacha mlango wazi, hata Kilwa Kivinje twaweza.

Jibu la nne ndilo zito kuliko yote, nalo ni la usalama. Wazazi wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Wapo wanaojiita walimu wa michezo ambao ni mbwamwitu. Mzazi anayeuliza nani atakuwa na binti yangu, saa ngapi, na atarudi na nani, anastahili kujibiwa kwa ukamilifu na asionekane msumbufu. Lakini tuangalie vizuri: dawa ya hatari hiyo ni kuwaweka watu wazima waaminifu uwanjani. Kumfungia msichana nyumbani si dawa. Wanaomdhuru binti mara nyingi hawamfuati uwanjani penye macho ya watu. Humpata pale alipo peke yake.

Wapendwa, sote tunaikumbuka mithali ya Bwana wetu juu ya talanta, katika Injili ya Mathayo. Yule mtumishi mlegevu alihukumiwa kwa sababu aliifukia ardhini talanta aliyokabidhiwa. Ukweli ni kwamba alifukia iliyokuwa mkononi mwake. Wanaomfungia msichana uwanja hufanya zaidi ya hapo, maana wanaifukia talanta aliyokabidhiwa mwingine. Kama yule wa kwanza alikosa jibu mbele ya bwana wake, huyu wa pili atajibu nini?

Na tukumbuke ule muujiza wa mikate mitano, kwa wale wanaoupenda mno msamiati wa miujiza. Mwinjili Yohane anatueleza kwamba mikate ile ilikuwa ya mtoto mmoja. Maana yake, hata siku ile ya muujiza wenyewe, palikuwa na mtu aliyekwisha kuioka mikate na mtoto aliyeibeba. Bwana hakuona haya kuanza na kile kilichokuwamo kapuni. Sisi twataka aanze na kapu tupu, tena tulilolifunga kamba.

Kanisa nalo halijakaa kimya juu ya michezo. Mwaka 2018 ofisi ya Vatikano inayoshughulikia Walei, Familia na Maisha ilitoa hati nzima juu ya mtazamo wa Kikristo kuhusu michezo. Na Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, anajulikana kuwa mcheza tenisi wa ridhaa. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba Paroko ameacha Injili na kushika mpira.

Tumefikia mahali pa kusema tunachotaka, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Hatuombi kiwanja cha tenisi. Hatumwahidi mzazi yeyote kwamba binti yake atafika Wimbledon. Karibu wote hawatafika, na hilo si hasara. Tunataka jambo dogo. Kuanzia Jumamosi ijayo, uwanja wa parokia, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja jioni, utakuwa wa wasichana. Watacheza mpira wa pete, mpira wa wavu, mpira wa miguu, watakacho wao. Akina mama wawili waliochaguliwa na jumuiya ndogo ndogo watakuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna msichana atakayesafirishwa kwenda mchezo wa nje bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Binti za majirani zetu Waislamu wanakaribishwa na hijabu zao. Uwanja ule hauna mlango wa sakristia.

Tumeletewa malalamiko kwamba saa hizo ndizo za mazoezi ya timu ya vijana wetu wa kiume. Tunawapenda vijana wetu, nao wamelipatia jina jema parokia. Lakini wanazo siku tano nyingine za jioni, na dada zao hawana hata moja. Tumeambiwa pia kwamba wasichana hawatakuja. Yawezekana. Aliyezoea kufukuzwa haji siku ya kwanza anapoitwa. Tutaufungua uwanja Jumamosi ya kwanza, na ya pili, na ya kumi, hata akija mmoja.

Kazi ya wazazi ni moja: Jumamosi hiyo, saa tisa, msimtume binti yenu maji. Mtumeni kaka yake.

Tunawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Mama Bikira Maria, aliyekuwa msichana wa kijijini, atuombee.

Paroko wenu katika Kristo.